Nilivyompiga Picha Jogoo wa Bi Somoe

Vijana wangu, niliwakabidhi funguo za chumba cha giza tunamochapia picha mwezi uliopita. Kabla sijafika hata mlangoni, mmoja wenu akaniuliza, "Mzee Selemani, hivi ni kweli wewe ulianza kazi kwa kupiga picha kuku?" Wenzake wakacheka. Haya, ni kweli. Nilianza kwa kuku, na laiti nanyi mngeanza kwa kuku, msingekuwa mnaniletea picha za harusi bwana harusi kafumba macho na bibi harusi kakatwa utosi. Mliniomba niandike ya kazini, basi naandika. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Hizo zina majalada yake ofisini, na panya wamekwisha kuyasoma.

Mimi ni mtu wa Chiola. Kwetu tulilima mtama, muhogo na ufuta, na Kiswahili nilikipata shuleni na gulioni, nyumbani tukisema Kimwera. Wazungu walipokuja Nachingwea na matrekta yao kulima karanga, sisi tuliokwisha kuota ndevu tukaenda kuandikwa. Kazi yangu ilikuwa kung'oa visiki. Ukitaka kujua kisiki cha mpingo kikoje, usiniulize mimi, uliza mgongo wangu. Siku moja akapita Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa, mpiga picha wa mradi, akauliza nani kati yetu mikono yake haitetemeki. Nikainua yangu yote miwili. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika fani hii.

Mgoa huyo tulimwita Bwana Kaitani. Alikuwa mfupi, ana tumbo la heshima, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujiokotea, ingawa sikumbuki siku ambayo hakikueleweka. Kazi yake rasmi ilikuwa kupiga picha matrekta, barabara mpya, na wageni wakubwa waliokuja kutazama karanga zilizokataa kuota. Lakini moyo wake ulikuwa nyuma ya nyumba yake, kwa kuku. Alikuwa na kuku kumi na mmoja na kila mmoja alikuwa na picha yake ukutani, kama vile wenzake walivyotundika picha za wazazi wao.

Siku yangu ya kwanza niliharibu boksi zima la vioo. Enzi zile picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo kile hakitakiwi kuona mwanga mpaka saa yake ifike. Mimi nilifungua boksi nione ndani mna nini. Nilidhani nitafukuzwa, nikaanza kufikiria visiki vyangu. Bwana Kaitani hakunigombeza hata kidogo.

"Weye Selemani," akasema, "wiki hii kamera yako iko tupu. Kuku ile nyeupe, piga picha yake kila siku mara ishirini. Kioo hakuna."

"Sasa bwana, nitajuaje kama nimempata?"

"Utajua."

Nikashinda wiki nzima nikijifunika kitambaa cheusi, nikiinama nyuma ya kamera isiyo na kitu, nikimpiga kuku picha isiyokuwapo. Wapishi wa Wazungu walikuwa wakija ukutani kunicheka. Siku ya tano nikafyatua, nikajua. Mkono ulijua kabla yangu. Bwana Kaitani alikuwa amesimama dirishani na chai yake, akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akanipa kioo.

Nitawaambieni jinsi ya kumpiga picha jogoo, maana hakuna mwingine atakayewaambia. Kwanza mwoshe miguu kwa maji na majivu, kisha mpake mafuta ya ufuta kidogo sana kwenye upanga wake wa kichwani, ule mnofu mwekundu, ung'ae. Tandika kaniki nyuma yake kama ni mweupe, shuka nyeupe kama ni mweusi. Halafu mfunike kwa tenga na umwache gizani kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha uji. Ukiliinua tenga ghafla, jogoo hakimbii. Anasimama, anajinyoosha shingo, anatazama ulimwengu kama mtu aliyerudi safari akakuta wageni wamekaa kwenye kiti chake. Hapo una muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Nne hakuna. Jicho likitoka na ukungu, tupa kioo, usijidanganye kwamba manyoya yamependeza.

Bata ni mtulivu mno, ukimpiga picha anaonekana kama amefia wima. Bata mzinga anajipenda, anajivimbisha mpaka hatoshi. Kanga nilimjaribu kwa miaka, na ninayo picha moja tu inayoonyesha kanga, nayo inaonyesha mkia. "Kuku si nyama," Bwana Kaitani alikuwa akisema. "Kuku ni mtu na uso yake." Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye nilianza kuwatambua kuku wa Nachingwea njiani kabla sijawatambua wenye kuku.

Sasa alikuwapo Bwana Shamba mmoja, Mzungu, aliyekuwa akizunguka vijijini kuwafundisha watu kilimo. Huyo akaziona picha za Bwana Kaitani, akatamani za kwake. Alitaka kuku wa kienyeji wazuri wa Nachingwea na Ruangwa, wapigwe picha vizuri, watundikwe kwenye nyumba ya maonyesho ya kilimo. Bwana Kaitani magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akanituma mimi. Nikapewa baiskeli, kamera, na ile miguu yake mitatu ambayo ilinipa kovu hili la bega. Masharti yalikuwa kwamba kila mwenye kuku apewe nakala moja bure. Nikapita Chiola kwetu, nikampiga picha tetea mmoja mweusi mzuri sana. Nikapita Nanganga, nikapata majogoo wawili wasio na maana na homa ya siku nne. Kisha nikafika Narung'ombe, ndipo nikamkuta jogoo wa Bi Somoe.

Alikuwa kuchi, wale warefu wenye shingo na miguu kama ya mpiga gwaride, rangi ya majani makavu kifuani na mweusi mkiani. Nilisimamisha baiskeli bila kujua nimesimama. Mwenyewe, Bi Somoe, alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, ana kipini puani, na Kiswahili chake alikitoa kidogo kidogo kama mtu anayetoa chumvi. Uani kwake kulikuwa na kuku kuliko nyumba yoyote kijijini, na karibu wote hawakuwa wake.

Hapo lazima nieleze, maana nyie wa mjini mnajua kuku wa kwenye sufuria tu. Kule mtu alikuwa akikupa tetea wake umfugie. Vifaranga wakikua, mnagawana, huyu wangu, huyu wako. Na siku ya kugawana kila mmoja anakata alama yake mguuni, ncha ya kidole tu, kila nyumba na kidole chake. Alama hiyo ndiyo hati. Hakuna karani, hakuna karatasi. Bi Somoe alikuwa na mkono wa kuku, hawakumfia hovyo, kwa hiyo nusu ya wanawake wa Narung'ombe walikuwa wamempa matetea yao. Hakuwa na shamba kubwa wala mtoto wa kiume. Alikula kwa kuaminiwa.

Jogoo yule alitokana na tetea wa jirani yake, Mzee Chinguile. Walipogawana, jogoo akamwangukia Bi Somoe, akakatwa alama yake, kidole cha nje cha mguu wa kulia. Alama ya Mzee Chinguile ilikuwa kidole kile kile, mguu wa kushoto. Mimi siku ile sikuyajua hayo wala sikuuliza. Niliona mguu, nikauosha.

Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyeinua tenga. Jogoo akasimama, akatazama kushoto kwangu, kuelekea jikoni, na miguu yote miwili ikaonekana kana kwamba alikuwa amefundishwa. Bi Somoe alibaki amechuchumaa pembeni, tenga mkononi, na uso wake uliingia kwenye kioo. Nikaona. Lakini angesogea yeye, na jogoo angesogea. Nikasema moyoni, aa, huyu nitamfunika kwa karatasi nyeusi wakati wa kuchapa. Nikafyatua, na mkono ukajua.

Niliporudi Nachingwea nikachapa. Nikamfunika Bi Somoe kama nilivyokusudia, akabaki jogoo peke yake na kaniki yake. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na hata leo sijui kama nimepata kuishinda. Kasoro ilikuwa moja. Tetea wangu wa Chiola naye alitazama kushoto, na nilikuwa nataka wakae ukutani pamoja kama mume na mke. Nikiwaweka sambamba walionekana kama watu wanaofuatana kwenda gulioni. Basi nikakigeuza kioo cha jogoo, nikachapa kwa upande wa nyuma, akatazama kulia. Wakatazamana. Ukigeuza kioo hivyo dawa inakuwa mbali na karatasi, na picha inapata ukungu kidogo, nami nikajisifu kwamba ukungu ule ndio uzuri wenyewe. Nikachapa nakala tatu kwa mpigo mmoja. Moja ya Bwana Shamba, moja ya akiba, moja ya Bi Somoe.

Nilipompelekea aliitazama muda mrefu. "Ndiye," akasema. Akaitundika mkabala na mlango, na watu wakawa wanakuja kumwangalia jogoo ukutani wakati jogoo mwenyewe anawapita miguuni. Hakuna aliyeangalia vidole. Nani huangalia vidole?

Ukapita mwaka. Mradi wa karanga ulikuwa umeanza kupungua nguvu, Bwana Kaitani akazungumzia kurudi kwao, nami nikawa nimefungua chumba changu kidogo cha picha karibu na soko la Nachingwea. Jina langu lilikuwa limeanza kuwa jina. Jumbe wa Narung'ombe akaniita nimpigie picha bata mzinga wake, nikaenda kwa furaha kubwa. Nilikuta baraza imejaa watu. Mzee Chinguile alikuwa anamdai Bi Somoe jogoo.

Mambo yalikuwa hivi. Wakati wa mavuno jogoo alihamia uani kwa Mzee Chinguile, kwa matetea wake, akakaa kule siku nyingi. Bi Somoe alipokwenda kumchukua, jogoo alikuwa na alama mbili, yake mguu wa kulia na ya Mzee Chinguile mguu wa kushoto. Mzee Chinguile akasema alama yake ndiyo ya kwanza, na kwamba Bi Somoe ameiongeza ya kwake baadaye. Bi Somoe akasema kinyume chake. Siku ya kugawana walikuwapo wao wawili na mke wa Mzee Chinguile, naye alikwisha kufariki. Mzee Chinguile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee aliyeona alama yake mguuni kwa kuku akaiamini, kama ambavyo yeyote pale angeiamini.

"Mimi nina shahidi," akasema Bi Somoe. Akafungua kanga, akatoa picha yangu. "Huyu hapa. Kabla hajaenda kwa Chinguile."

Watu wakanong'ona. Jumbe, mtu wa haki, sauti nzito, akanigeukia. "Fundi, umekuja kama umeitwa. Picha hii umeipiga wewe?"

"Nimeipiga mimi, Jumbe."

"Umeongeza kitu?"

"Sijaongeza."

"Umepunguza kitu?"

"Sijapunguza."

Nilijibu haraka, kifua mbele, kama bwana harusi. Jumbe akaitazama picha, akamwita karani wake, wakaanza kuhesabu vidole kwa ncha ya kalamu. Jogoo kwenye picha alikuwa na kidole kimoja tu kilichokatwa. Mguu wa kushoto.

Lo! Nilikumbuka kioo, nikakumbuka tetea wa Chiola, nikakumbuka jogoo akitazama jikoni. Nilijua kila kitu kabla Jumbe hajainua kichwa. Ilikuwa niseme neno moja tu. Lakini Jumbe akasema, "Mtu huongopa, picha haiongopi," na watu wote wakanitazama kwa heshima, na mimi, mtoto wa Chiola, mng'oa visiki, nikanyamaza. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine mmenisababishia nyinyi, lakini ile ni yangu mwenyewe na sijapata mtu wa kunisaidia kuibeba.

Jumbe akampa Bi Somoe mpaka Ijumaa baada ya swala. Alete jogoo, aombe radhi mbele ya watu kwa wizi. Asipotaka, kesi iende Ruangwa.

Bi Somoe alikuwa anatazama picha. "Picha yangu," akasema. "Jogoo wangu. Mguu, sijui."

Mwizi wa kuku, wenzangu, ni mtu wa chini kabisa. Mwizi wa ng'ombe hutungiwa hata nyimbo. Nilipokuwa nafunga kamera yangu kwenye baiskeli, bata mzinga sikumpiga picha tena, nikapita mbele ya nyumba ya Bi Somoe. Wanawake wawili walikuwa wanatoka na matenga kichwani. Wa tatu alikuwa uani anamfukuza tetea wake amkamate. Wa nne alikuwa anaingia na tenga tupu. Hawakumtukana wala hawakumsalimia. Bi Somoe alikuwa ameketi kizingitini akiwaonyesha kwa kidole, "Wako yule. Yule wa Mama Asha. Yule mwenye kishungi ndiye wako."

Nilifika Nachingwea nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Kaitani. Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye masanduku. Nikamweleza. Akaniambia nikalete kioo, nikaleta, akakiinua dirishani kwenye mwanga, akakitazama jicho moja kafumba.

"Nani huyu?"

"Jogoo, bwana."

"Jogoo naona. Hapa, pembeni. Nani huyu mama?"

"Ndiye mwenye jogoo. Nilimfunika kwa karatasi."

Akakirudisha mikononi mwangu taratibu, kwa kingo zake, kama alivyonifundisha. "Kioo hii haina makosa," akasema. "Makosa iko mkono yako. Weye umekata mama, umegeuza kuku, sasa ngoja nini?"

"Bwana, nikisema, nani tena ataniletea uso wake? Watasema picha zangu za uongo."

"Eh. Watasema." Akaendelea kufunga masanduku.

Nilikaa siku mbili. Nasema wazi, siku mbili nzima nilikaa nikitafuta njia ya kumwokoa Bi Somoe bila kujitia doa. Nilifikiria kumwandikia Jumbe barua isiyo na jina. Nilifikiria kusema dawa iliharibika. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimejifunga kanga tatu. Alhamisi nikachapa upya kioo chote, bila karatasi nyeusi, mara mbili. Moja nikaigeuza kama zamani. Nyingine nikaichapa sawasawa. Nikafunga kioo ndani ya blanketi, nikapanda lori la mbao mpaka Ruangwa na baiskeli yangu juu, nikalala kwa binamu yangu, na Ijumaa nikafika Narung'ombe wakati watu wanatoka msikitini.

Bi Somoe alikuwa ameketi barazani, jogoo kamfunga kamba mguuni. Alikuja na jogoo, lakini neno la kuomba radhi hakuwa nalo, ilionekana kwa jinsi alivyoketi. Jumbe aliponiona akafurahi. "Fundi, leo bata mzinga wangu hatakukimbia."

"Jumbe, naomba niseme kwanza." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nikampa ile picha iliyogeuzwa. "Huyu wa pembeni ni nani?"

Akaitazama. "Si Bi Somoe huyu?"

"Ni Bi Somoe. Kipini chake kwenye picha kiko upande gani wa pua?"

Karani akaisogelea, akanyanyua mkono, akagusa pua yake mwenyewe kwanza. "Upande wa kulia."

Watu wote wakamgeukia Bi Somoe. Naye akapandisha kidole puani bila kutaka. Kipini kilikuwa kushoto, mahali alipotobolewa akiwa msichana, kama wanawake wote wa rika lake pale barazani. Mwanamke mmoja akasema, "Ebo! Sasa kimehamaje?"

Nikampa Jumbe picha ya pili, iliyochapwa sawasawa. Kipini kushoto, jogoo anatazama jikoni, kidole kilichokatwa mguu wa kulia. Nikakifungua kioo kutoka kwenye blanketi nikawaonyesha kinavyogeuka.

Jumbe alizilinganisha zile picha mbili. "Fundi, wewe hili ulilijua lini?"

"Siku ile ile, Jumbe. Ulipohesabu vidole."

"Ukaniacha nihukumu?"

"Nilikuacha."

Hapo ndipo mke mpya wa Mzee Chinguile, aliyeolewa mwaka ule, akasema kutoka nyuma kwamba yeye wakati wa mavuno alikata alama kuku wote aliowakuta uani, maana aliambiwa wa uani ni wa kwao. Mzee Chinguile akamgeukia akasema maneno ya Kimwera ambayo siyaandiki. Kisha akanyanyuka, mzee wa watu, akaenda mpaka alipoketi Bi Somoe, akainama akafungua mwenyewe kamba ya mguu wa jogoo. "Jirani, nisamehe," akasema. Jumbe akatangaza mbele ya wote kwamba Bi Somoe si mwizi na asisikie mtu akilitamka tena neno hilo. Mama Asha akasema kwa sauti kwamba kesho atamrudisha tetea wake. Wengine wawili wakatazama chini, na hao, kwa habari nilizopata baadaye, hawakurudisha.

Utani ulianza palepale. "Fundi, hebu tazama viatu, umevaa mguu wenyewe?" Mwingine akauliza kama mke wangu ndiye niliyemwoa au nilimgeuza. Nilistahili. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mteja wa Ruangwa akija kwenye chumba changu alikuwa akivaa saa mkono wa kushoto kwa makusudi na kuikagua kwenye picha kabla hajaondoka, na sikumkatalia hata mmoja. Nanyi mkiulizwa na mteja picha yake imeguswa wapi, mwambieni, hata kama hakuelewa swali alilouliza.

Lakini siku ile barazani, watu walipoanza kutawanyika, nilingoja Bi Somoe aniambie neno. Nitasema ukweli, nilingoja anishukuru. Nilikuwa nimepanda lori, nimevunja jina langu mwenyewe, nilijiona mtu.

Alikuwa ameishika ile picha iliyochapwa sawasawa. Jogoo alikuwa chini anadonoa karibu na mguu wake. Akaitazama kama alivyoitazama ile ya kwanza, muda mrefu, ila safari hii hakumtazama jogoo.

"Jumbe alikuuliza," akasema. "Umepunguza kitu? Ukasema hapana."

"Ndiyo, Bi Somoe. Nisamehe."

Akaweka kidole pembeni mwa picha, juu ya uso wake.

"Na mimi?"

Akaifunga picha ndani ya kanga, akamchukua jogoo wake akamweka kwapani, akashuka ngazi za baraza. Ile ya kwanza ya jogoo peke yake, iliyobaki barazani tangu siku ya kesi, ile nzuri yenye ukungu, picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, ilikuwa bado juu ya meza ya karani. Nikamwita nikamwambia ameisahau.

"Hiyo chukua wewe," akasema. "Jogoo ninaye."